Koni ya Paka Mwenye Kidonda: Anza Kupima Pua, Shingo Baadaye

Malalamiko ya wasomaji yanafanana mno: koni, ile kola pana ya shingoni inayomzuia paka kujikuna na kujilamba kidonda, imenunuliwa, paka kaivaa, na kidonda cha shavuni bado kinatoka damu kila asubuhi. Lawama zote anatupiwa paka. Ukiuliza vipimo vya hiyo koni, jibu ni "saizi M". M ya nini?

Paka anapokuna shavu, sikio au shingo hutumia mguu wa nyuma, na kucha zake hubandua kigaga chote kwa mkupuo mmoja. Ngozi mpya iliyo chini yake ni nyembamba mno, inachanika, na uponaji unaanza upya. Koni itamzuia ikiwa tu ukingo wake umepita ncha ya pua kwa sm 2 hadi 3. Ikiishia usawa wa pua, mguu unaingia kupitia pembeni, na ulimi nao unafika ubavuni. Wauzaji hupima shingo peke yake, kama wanapima kabisa. Kina cha koni hakuna anayekitaja.

Kwa hiyo chukua tepu ya fundi cherehani. Anzia pale mkanda wa shingo unapokaa, nenda hadi ncha ya pua, kisha ongeza sm 2 au 3. Hicho ndicho kina unachokwenda kununua. Shingo inafuata: koni ikishafungwa, vidole viwili vipite bila kulazimisha. Ikilegea zaidi ya hapo, paka ataingiza mkono na kunasa, na paka aliyenasa hujiumiza vibaya kuliko kidonda chenyewe.

Nafasi ya kwanza naipa Buster, ya kampuni ya Kruuse ya Denmark, na sifichi upendeleo wangu. Saizi zake zinatajwa kwa sentimita: 7.5, 10, 12.5, 15 na kuendelea. Tepu ikisoma sm 10, unachukua 12.5, mjadala umekwisha. Ile ya plastiki angavu inamruhusu paka kuona pembeni, hivyo hagongani na milango sana. Kama koni yoyote ya plastiki, inaweza kuchubua shingo: pitisha kidole kila jioni, na ukikuta unyevu au wekundu, ifungue, ikaushe, safisha ukingo wa ndani. Chakula kiweke kwenye sahani bapa iliyo ndogo kuliko mdomo wa koni. Bakuli pana linagota ukingo na paka anasusa kula, halafu watu wanasema "koni imemkataa".

Ya pili ni vazi la kitambaa, mfano Suitical ya Uholanzi, lakini kwa kidonda cha kiwiliwili tu: tumbo, mgongo, ubavu. Hupimwa kutoka shingo hadi mzizi wa mkia. Nunua mawili, maana sehemu ya nyuma hulowa mkojo, na kitambaa kilicholowa kikilala juu ya kidonda kinakiozesha. Kwa kidonda cha uso, vazi hili halina kazi.

Koni laini ya kitambaa inakuja ya tatu. Paka analala nayo vizuri, lakini hujikunja kuelekea nyuma, na kina unachodhani umenunua kinapotea akiegemea ukuta. Boya la shingoni la kujaza upepo sipendekezi kabisa kwa shavu na masikio: uso umebaki wazi, mguu wa nyuma unafika bila shida. Koni ya kujitengenezea kwa filamu ya eksirei inafaa kwa usiku mmoja, ukingo ukizungushiwa plasta.

Kidonda kikiwa shingoni penyewe, koni yoyote itakaa juu yake na kukisugua. Hapo punguza ncha za kucha za nyuma, milimita moja au mbili, bila kugusa sehemu ya waridi yenye mshipa wa damu, na umwone daktari wa mifugo akufungie bendeji ya miguu hiyo.

Sasa wauzaji. Bei imefichwa, "njoo DM", na ukifika huko unaulizwa uko mtaa gani kabla hujatajiwa shilingi. Hilo linavumilika. Lisilovumilika ni duka linalokuuzia koni pamoja na dawa ya viroboto ya mbwa, "tia kidogo tu". Nyingi kati ya hizo zina permethrin, kemikali ya kuua wadudu, inayompa paka degedege na inaweza kumuua. Viroboto na utitiri wa masikio mara nyingi ndivyo vinavyomfanya akune, kwa hiyo ni lazima vitibiwe, lakini kwa dawa iliyoandikwa ya paka, kwa uzito wake. Dettol nayo iache chooni. Ni sumu kwa paka. Kuosha kidonda kunatosha gramu 9 za chumvi katika lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa, kwa shashi safi. Usaha, harufu au uvimbe wenye joto ni kazi ya daktari siku hiyo hiyo, hasa kama paka alipigana.

Wengi huvua koni kigaga kinapokauka. Wakati huo ndipo muwasho unapozidi. Iache, usiku na mchana, mpaka kigaga kidondoke chenyewe na ngozi iliyo chini iwe imefunga, kavu, bila tundu. Kwa kidonda kilichoshonwa, kwa kawaida ni siku 10 hadi 14.