Kibubu cha vyumba vitatu: kinafaa, lakini jedwali la nyota libaki dukani

Kibubu hiki cha mbao, nilichokinunua katika duka la vifaa vya watoto jijini Dar es Salaam, kina vyumba vitatu vilivyoandikwa Kuweka, Kutumia na Kutoa, na kimekusudiwa kumzoesha mtoto kutenga sehemu ya fedha anazopewa kwa ajili ya wenzake. Kwa upande wa ufundi sina malalamiko. Mbao zimepigwa msasa vizuri, na tofauti na vibubu tulivyozoea ambavyo havifunguki mpaka vivunjwe, kila chumba kina kifuniko chake, hivyo fedha za kutoa huchukuliwa wakati wowote bila kugusa akiba.

Ubora wake hasa ni kwamba anayepungukiwa ni mtoto mwenyewe. Tunapompa sarafu akaitumbukize katika kapu la sadaka, au tunapomtuma apeleke sahani ya futari kwa jirani, yeye huwa mjumbe tu, kwani kinachotolewa ni cha mzazi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 nchini Kanada ulionyesha kuwa hata watoto wasiotimiza miaka miwili walikuwa na furaha zaidi walipogawa vitafunwa vyao wenyewe kuliko walipogawa vile vya mtafiti.

Kwa sababu hiyo nashangaa kwamba mtengenezaji ameambatanisha jedwali la nyota, ambalo humpa mtoto nyota moja kila anapotoa, na zawadi nyota zikitimia kumi. Binti yangu alilielewa upesi kuliko nilivyotarajia: aliniomba nimchenjie sarafu yake ya shilingi 500 apate za shilingi 100, ili mchango uleule umpatie nyota tano. Hesabu yake ilikuwa sahihi kabisa, ila aliyekusudiwa kusaidiwa hakuwamo tena ndani yake. Mwaka 2008, wanasaikolojia Felix Warneken na Michael Tomasello walichapisha matokeo ya jaribio lao kwa watoto wa miezi 20, ambamo waliozawadiwa kitu baada ya kusaidia walipunguza kusaidia baadaye, kuliko wale waliosifiwa kwa maneno au ambao hawakupewa chochote.

Kijitabu cha maelekezo kinashauri pia kwamba mtoto apigwe picha akikabidhi msaada. Sijui kama anayeupokea alifikiriwa.

Niliondoa jedwali, na badala yake tukawa tunazungumza juu ya mtu atakayepewa na anachohitaji. Michango ilipungua mwanzoni, kisha binti akaanza kuulizia mwenyewe habari za mwanafunzi mwenzake asiye na madaftari.

Bei ni kubwa ikilinganishwa na ya kibubu cha kawaida. Mwenye fundi seremala anayemwamini anaweza kuagiza cha namna hii kwa gharama ndogo, mradi asisitize vifuniko vitatu na matundu mapana, kwa kuwa katika hiki nililazimika kukunja noti mara nne ndipo ipite.