Kibao kizuri cha mninga, andiko silo

Nilitaka kibao cha ukutani cha shangazi yangu, ambaye tangu Machi upande wake wa kulia haufanyi kazi kwa sababu ya kiharusi. Nikaenda kwa fundi mmoja hapa Morogoro anayechonga mistari ya Biblia kwenye mbao. Nikamwambia nataka neno la kumtia moyo mgonjwa, achague mwenyewe.

Kazi ya mikono yake sina neno nayo. Mninga mkavu, umepigwa msasa mpaka ukipitisha kiganja hakikwaruzi popote. Vanishi nyembamba isiyonata, herufi zimezama sawasawa, hata nukta ya mwisho. Nyuma kaweka vishikizo viwili, hivyo kibao hakipindi ukutani. Shilingi 45,000, siku tatu, kama alivyoahidi.

Shida ni maneno: "Jisaidie nami nitakusaidia. Mithali 16:3."

Nilifungua Biblia kwenye simu palepale, katikati ya vumbi la mbao. Union Version ya 1952, ile tunayosomewa kanisani. Mithali 16:3 inasema, "Mkabidhi Bwana kazi zako, na mawazo yako yatathibitika." Hilo la "jisaidie" halimo Mithali wala pengine popote, Mwanzo hadi Ufunuo. Ni usemi wa kale. Wazo lake limo kwenye ngano za Aesop wa Ugiriki, na Benjamin Franklin aliuchapa Marekani mwaka 1736.

Fundi alishangaa kwelikweli. "Dada, mbona hata wazee wa kanisa wanalisema?" Wanalisema, ndiyo, na mimi nimewahi kuwafundisha watoto wa Jumapili. Lakini nilimfikiria shangazi, mtu anayenyweshwa uji kwa kijiko, kila asubuhi akiamka anakutana na ubao unaomtaka ajisaidie kwanza. Hapo umemlaumu mgonjwa kitandani kwake, tena kwa jina la Mungu.

Tukapitia pamoja maneno mengine aliyonayo tayari. "Sauti ya watu ni sauti ya Mungu": tunalisikia sana majukwaani wakati wa kampeni, kwenye Biblia halimo. "Fedha ni shina la mabaya yote": 1 Timotheo 6:10 inataja kupenda fedha, na hilo neno "kupenda" ndilo linalobeba mstari mzima. Akaniuliza pia kuhusu picha yake ya mamajusi watatu. Mathayo hataji idadi yao, zawadi ndizo tatu.

Hakubishana. Kile kibao alikipiga randa mbele yangu, akanichongea upya bila kuongeza hata senti: "Huwapa nguvu wazimiao, humwongezea nguvu yeye asiyekuwa na uwezo. Isaya 40:29."

Nampa nyota nne, na nitarudi kwake. Ila ukienda, nenda na mstari wako umeuandika kwenye karatasi, sura na aya, baada ya kuusoma mwenyewe.

Tumekitundika mkabala na kitanda. Shangazi alisoma polepole kwa sauti yake nzito ya sasa, akafika "asiyekuwa na uwezo", akanyamaza kidogo. Kisha akaomba tukishushe, akione hata akiwa amelala.