Waya au Wi-Fi kwa michezo ya mtandaoni?

Kwa uthabiti, waya unashinda bila ubishi: kutoka kwenye ruta hadi kwenye mashine yako, pakiti (kipande kidogo cha data) huchukua chini ya milisekunde 1, na hali haibadiliki. Wi-Fi ina kasi ya kutosha. Kinachoudhi ni kuyumba. Vifaa vyote hupokezana zamu hewani, pakiti iliyopotea hutumwa upya, na kwenye masafa ya Wi-Fi ya 2.4 GHz hata maikrowevu ikiwashwa unaweza kumwona adui akirukaruka kwenye skrini. Hamia 5 GHz, ukae karibu na ruta.

Gharama? Kebo ya Cat5e (aina ya waya wa mtandao) ni nafuu na hufika mita 100. Kazi ni kuipitisha ukutani. Mpangaji asiyeruhusiwa kutoboa, au anayecheza kwenye simu, Wi-Fi inamfaa. Anayeshindana, na ruta iko chumbani humohumo, achomeke waya.