Likizo ya mwezi wa sita: shamba la zabibu au Kolo?
Shule zikifungwa, wengi wetu hapa Dodoma tunaishia kuwapeleka watoto kwenye mabembea ya mjini. Tutoke kidogo.

Shamba la zabibu, tuseme Hombolo, ni safari ya nusu siku. Mizabibu ya Dodoma huzaa mara mbili kwa mwaka, hivyo ongea na mkulima kwanza ujue kama kuna za kuchuma. Kwenye bwawa la Hombolo watoto wasiingie, kichocho kipo.

Kolo, kaskazini ya Kondoa, ni siku nzima na kuamka alfajiri, ingawa lami ipo. Huko kuna michoro ya miambani iliyoingia Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006: wanyama, na watu warefu wembamba kwa rangi nyekundu iliyofifia. Mwanangu wa darasa la nne alisimama mbele ya mmoja, mikono mgongoni kama mwongoza wageni alivyotuagiza, akauliza, "Baba, aliyechora alisimama juu ya nini?" Tulilibishania swali hilo mpaka tunarudi nyumbani.

Mwenye mtoto wa kubebwa aende kwenye zabibu, maana kilima cha kupanda kufikia michoro ya Kolo kinachosha. Kwa walioanza shule, nachagua Kolo bila kusita. Bebeni maji ya kutosha na masweta. Asubuhi kuna baridi kali.