Rimu za matundu kumi kwenye X-Trail T31: zinakaa, ila kwa masharti

Ninazozizungumzia ni rimu za aloi za inchi 17, upana 7J (inchi 7), ET40 (uso wa kufungia uko milimita 40 nje ya mstari wa kati wa rimu), zenye matundu kumi ya nati: matano ya 5x100 (studi tano kwenye duara la kipenyo cha milimita 100) na matano ya 5x114.3, yamepishana. Wauzaji huziita "rimu za gari zote". Si kweli. Zinahudumia makundi mawili tu. X-Trail T31 iko kwenye la pili, studi tano na PCD (kipenyo cha duara linalopita katikati ya studi) ya 114.3, sawa na T30 iliyoitangulia, RAV4, Harrier, CR-V, Outlander, CX-5 na Escudo ya kuanzia 2005. Kundi la 5x100, ukizungumzia SUV za barabara zetu, ni hasa Forester za zamani; ile ya SK iliyotoka 2018 imehamia 114.3.

PCD usiichukue kwa mdomo wa muuzaji, pima. Kwenye gari la studi sita kazi ni nyepesi: unapima kutoka katikati ya studi moja hadi katikati ya ile inayoikabili, na Prado au Pajero itakupa 139.7. Studi tano hazikabiliani, na hapo ndipo watu hukisia. Chukua venia (kipimo cha taya kinachosoma sehemu za milimita), pima studi mbili jirani kutoka ukingo wa nje hadi ukingo wa nje, toa unene wa studi moja, kisha zidisha kwa 1.7013. Ukibaki na 67.2 kabla ya kuzidisha, ni 114.3. Ukibaki na 58.8, ni 100. Ukipata 65.8 ni 112, yaani Tiguan na Audi Q5, na 70.5 ni 120 ya Discovery 3 na 4. Angalia 112 na 114.3 zilivyokaribiana: milimita 1.4 tu kwenye kipimo chako. Futi ya fundi cherehani haitaiona, na vile vipimo vya plastiki vya bei ndogo navyo sivyo vya kuviamini hapo. Rimu ya 112 unaweza hata kuilazimisha kwenye studi za 114.3. Itaingia. Studi zitakuwa zimevutwa pembeni, nati itakuwa imekalia upande mmoja, na itaanza kulegea ukiwa barabarani.

Kwa hiyo PCD ilikubali. Tatizo la rimu hizi liko katikati. Tundu lao la habu (sehemu ya gari inayobeba gurudumu) ni 73.1 na habu ya X-Trail ni 66.1, maana yake pengo la milimita 3.5 kuzunguka pande zote. Wametoboa kubwa makusudi ili muuzaji azibe kwa ringi inayokaa kati ya habu na rimu (kipenyo cha nje kwa cha ndani): 73.1 kwa 66.1 ya Nissan, kwa 60.1 ya RAV4 na Harrier, kwa 64.1 ya CR-V, kwa 56.1 ya Forester. Seti yangu ilikuja bila ringi, na hilo nalihesabu kama kasoro ya bidhaa. Bila ringi usukani hutetemeka kuanzia kasi ya 80 hivi. Utapeleka magurudumu kubalansi, mashine itaonyesha sifuri, na mtetemo utabaki palepale, kwa sababu mashine hulishika gurudumu kwa tundu la katikati na kulisawazisha kwenye kitovu chake, wakati kwenye gari limening'inia kwenye nati nje kidogo ya kitovu hicho. Kabla ya kulipa balansi ya pili, kagua ringi.

Ringi za plastiki zinatosha kwa mjini. Kwa anayeshuka milima na mzigo huku breki zikichemka, napendelea za alumini, ingawa hizo hugandana na habu kwa kutu. Paka grisi ya shaba kidogo sana kwenye mdomo wa habu, usiiguse studi.

Kinyume chake hakina dawa rahisi. Rimu ya asili ya RAV4 ina matundu matano ya 114.3 sawasawa na X-Trail, lakini tundu lake la katikati ni 60.1, na habu ya 66.1 haiwezi kupita. Ni mtego uleule wa Pajero na Prado: zote 6x139.7, ila Pajero ni 67.1 katikati na Prado ni 106. Na Land Cruiser 100 na 200 ni 5x150, hazina uhusiano na yoyote kati ya hizo.

Nati sasa. Nissan, Subaru na Suzuki wanatumia M12x1.25 (studi ya milimita 12, uzi hadi uzi milimita 1.25), Toyota, Honda, Mitsubishi na Mazda kwenye magari niliyoyataja, ukiacha Land Cruiser 100 na 200, wanatumia M12x1.5. Nati ya 1.5 ikiwekwa kwenye studi ya X-Trail hushika nyuzi mbili tatu kisha hukaza. Mtu mwenye mashine ya upepo huona imefika, kumbe amekata nyuzi. Zungusha kwa mkono kwanza, kila nati. Kwa M12x1.25 inapaswa kuzunguka angalau mara kumi kabla ya kukaza. Kikalio cha rimu hizi ni koni ya digrii 60, kwa hiyo nati za asili za Honda zenye kikalio cha mviringo, au za Toyota zenye washa bapa, hazifai hata kama zingeingia.

Jambo jingine: matundu ya nati ni membamba. Kichwa cha spana cha 21 chenye kuta nene hakiingii, inabidi nati nyembamba na soketi yake, nayo ikae ndani ya gari siku zote. Kaza kwa mpangilio wa nyota hadi Nm 110 hivi kwa spana ya toki, kisha rudia baada ya kilomita 50 hadi 100, kwa sababu rangi mpya kwenye vikalio husagika na nati hupoteza mkazo.

ET40 kwangu imekaa vizuri, tairi 225/60R17 haigusi popote hata usukani ukikatwa mwisho. Anayefikiria toleo pana zaidi apige hesabu. Kutoka 6.5J ET40 kwenda 7.5J ET35, ukingo wa nje unatoka milimita 17.7 na wa ndani unaingia 7.7 kuelekea shokabsoba.

Mgongoni mwa rimu nilitafuta alama ya JWL (kiwango cha Kijapani cha rimu za aloi) na uzito ambao rimu inabeba. Uzito upo, kilo 690, na ukizidisha kwa mbili unapita mzigo wa ekseli ya gari hili. JWL haipo, na hilo ndilo linalonifanya nisite kuzisifu kwa barabara zenye mashimo: matundu kumi yanaacha chuma kidogo zaidi kati ya tundu na tundu.

Spea ndiyo hawaiambii mtu. Spea ya asili ina tundu la 66.1. Ukivua gurudumu na ringi ikabaki kwenye habu, spea haitaingia mpaka uing'oe ringi kwa bisibisi bapa, na ile ya alumini iliyoshika kutu itakutoa jasho. Tena kama spea bado ni 215/65R16, kipenyo chake ni pungufu kwa karibu milimita 16. Geuza swichi iwe 2WD (magurudumu mawili tu yavute) na uendeshe hadi kwa fundi wa tairi aliye karibu tu.