Dawati la malalamiko, ofisi moja ya serikali hapa Moshi: huduma nzuri ila wanachelewa

Mimi nawapa nyota 3 kati ya 5. Karani mmoja alinidai elfu 40 keshi ndo agonge muhuri kwenye faili la mama, namuomba kontroo namba ananiambia "dada mtandao uko chini, weka hapa tu" huku ananifungulia droo, na wakati malipo ya serikali yanalipwa kwa kontroo namba na risiti unapata. Nikatoka nikaenda dawati la malalamiko, dada wa pale kanisikiliza hadi mwisho, kaandika tarehe, saa, dirisha namba ngapi, akanisomea tena ndo nikasaini. Hapo aisee nilifarijika sana.

Shida ikaja baadae, wiki 5 kimya, nauli ya kutoka Marangu naimaliza mimi. Naelewa mtumishi wa umma hafukuzwi kienyeji, lazima apewe hati ya mashtaka, ajitetee, kamati ichunguze, na hiyo ni haki yake kabisa, lakini jamani mlalamikaji si mumpigie hata simu moja? Kilichoniuma zaidi waliniita kutoa maelezo karani mwenyewe kakaa kwenye benchi hapo hapo koridoni, ananikazia macho. Sheria ya kulinda watoa taarifa na mashahidi ipo tangu 2015, sasa mnatuwekaje benchi moja?

Wanaoombwa rushwa pigeni 113 ya TAKUKURU, ni bure. Faili la mama limegongwa muhuri, sikutoa hata mia.