The Windup Girl: riwaya inayouliza mbegu ni za nani

Riwaya nyingi za vinasaba huanzia maabara. Hii ya Paolo Bacigalupi inaanzia sokoni, na ndiyo maana imenishika. Ni Bangkok ya karne zijazo. Bahari imepanda, mji umesimama kwa kuta na pampu, mafuta yamekwisha, na mazao ya dunia yameteketezwa na magonjwa yanayohusishwa na makampuni ya mbegu yenyewe. Mmarekani Anderson Lake anakuta shokishoki kwa muuzaji. Tunda zima, halina ugonjwa, na hajapata kuliona maishani mwake. Anajiita mwenye kiwanda, kumbe ni mtu wa AgriGen, mojawapo ya makampuni hayo ya mbegu, na anachosaka ni benki ya mbegu ambayo Wathai wameificha.

Mimi ni bibi shamba hapa Unguja, ambako msimu ukifika shokishoki zimejaa kila kona. Nilisoma kurasa zile nikiwa na hofu ya kweli.

Kitabu kilitoka 2009, kikapata tuzo ya Nebula, na 2010 kikagawana tuzo ya Hugo na kitabu kingine; zote ni tuzo za hadithi za kubuni za kisayansi na njozi. Kinastahili. Hakipotezi muda kubishana kama kugusa vinasaba ni dhambi; kinauliza nani ashike ufunguo wa ghala. Ndani yake mbegu za makampuni ni tasa, kila msimu ununue upya. Wakulima wengi ninaokutana nao wanaamini mbegu za dukani tayari ziko hivyo. Haziko hivyo. Mahindi chotara ukiyarudia yanaota, ila hayazai kama mwanzo. Njia ya kuifanya mbegu isiote tena ilipewa hataza (hati ya kumiliki uvumbuzi) Marekani 1998, lakini haijauzwa kwa wakulima mpaka leo.

Kuna paka waitwao cheshire, waliotengenezwa na kigogo wa kampuni kwa sherehe ya kuzaliwa ya binti yake. Wanageuka rangi wasionekane. Wakazaana, paka wa kawaida wakatoweka. Kwa kuogopa yasijirudie hayo, watu waliotengenezwa Japani, akiwamo Emiko, msichana wa jina la kitabu, wakafanywa tasa. Ngozi ya Emiko imelainishwa kwa kupunguza vitundu vya jasho, hivyo joto la Bangkok linakaribia kumuua. Ametiwa vinasaba vya mbwa ili atii. Anajua utii ule umepandikizwa, anauchukia, na bado mwili wake unatii. Sijasoma mahali pengine hoja ya maadili iliyoniumiza namna hii. Lakini mwandishi anakaa mno kwenye udhalilishaji anaofanyiwa Emiko kwenye klabu anakofanyishwa kazi. Mara moja ingetosha, tumeshaelewa.

Lawama yangu kubwa ni nyingine. Hadithi inapita machoni mwa wahusika watano, na hakuna hata mmoja anayelima. Kitabu cha mbegu kisicho na mkulima! Huku muhogo hatuununui dukani, jirani anakukatia vijiti ukapande, wala hakuna kampuni inayokudai. Kwa njia hiyo hiyo ugonjwa wa muhogo uitwao michirizi kahawia husafiri shamba hadi shamba, maana majani yanaweza kuonekana mazuri na muhogo umeoza ndani, ukaja kugundua siku ya kuvuna. Zilipokuja aina zinazostahimili, kama Kizimbani na Machui, ambazo zimezalishwa kwa uchavushaji wa kawaida, mzee mmoja hakuniuliza kuhusu mavuno. Aliniuliza, “Mwanangu, nikishapanda vijiti hivi, naweza kumpa mdogo wangu?” Bacigalupi amejenga dunia nzima juu ya swali hilo, lakini hakumpa nafasi mtu wa kuliuliza.

Kiingereza chake ni kigumu, maneno ya Kithai hayafafanuliwi, na kurasa mia za mwanzo zinakwenda polepole. Nisingempa mwanafunzi wa sekondari, kwa sababu ya yale ya Emiko. Wanafunzi wa vyuo vya kilimo na wanaotunga sheria za mbegu wakisome, na wasiruke pale ofisa wa wizara, Kanya, anapomwendea Gibbons, mtaalamu mgonjwa aliyeikimbia AgriGen. Mzee yule anashikilia kwamba maumbile na kazi ya mikono ya binadamu ni kitu kimoja. Simkubali hata kidogo, na hoja ya kumjibu bado naitafuta.

Nyota nne kati ya tano.